Moto wa Kuota

Watu wa Dar es Salaam na Tanga wakisikia kwamba Bukoba kuna baridi, hucheka. Baridi gani hiyo, nanyi mko karibu kabisa na ikweta? Waje kwetu Kanazi mwezi wa saba, saa tisa usiku, au mwezi wa nne mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu ya mwaka hufika milimita 2,000 hivi. Baridi ya kwetu haigandishi maji. Inaingia kwenye godoro na kukaa humo. Kijana huamka, akajinyoosha, ikamtoka. Mzee wa miaka themanini na ushei hulala nayo na kuamka nayo, na siku ya nne anaanza kukohoa.

Nilirudi nyumbani baada ya kustaafu ualimu Mwanza, nikajiunga na kikundi cha akina mama kinachowajengea wazee majiko banifu. Wazee wenyewe ni wale wanaoishi peke yao, au na wajukuu tu. Mkoani kwetu ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na tangu hapo bibi wengi wa Bukoba na Muleba wamelea upya wakiwa na umri wa kulelewa. Kule Nshamba, Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini ya kazi hiyo, ya mwaka 2008, ilipewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Kuni hazimo kwenye jina hilo. Sishangai. Kuni za bibi haziuzwi dukani, zinaokotwa, na mgongo hauandikiwi risiti.

Kazi yenyewe ya kujenga jiko ina raha yake. Unachimba udongo wa kichuguu, unauloweka, unaukanyaga pamoja na nyasi zilizokatwakatwa mpaka mapaja yanauma. Unakata shina la mgomba vipande vipande, unavipanga pale moto utakapokaa na pale moshi utakapopitia, halafu unashindilia udongo pande zote. Udongo ukishikana unachomoa shina, na lilipokuwa shina panabaki njia. Majirani zetu wa Uganda wamejenga majiko ya namna hiyo kwa wingi, nao wana migomba kama sisi. Kalibu inaota kibanjani, hainunuliwi.

Mmoja wa tuliowajengea ni shangazi wa marehemu baba yangu. Wote tunamwita Bibi. Alikuwa akipikia mafiga matatu ndani, hatua nne kutoka kitandani, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Tukamjengea jiko zuri kwenye kibanda cha nje, lenye bomba la moshi. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili ukaenda siku tano. Tulipiga picha. Nilitoa hotuba fupi, tabia ya walimu.

Mwezi wa saba nikapita kumsalimia. Jiko letu lilikuwa safi kuliko tulivyoliacha, na ndani ya mdomo wake kuku alikuwa analalia mayai. Bibi alikuwa ndani, mafiga yake matatu yamerudi mahali pake, moshi umejaa hadi kwenye boriti.

Nikaanza kumweleza, kwa upole, kama mtu anayerudia somo. "Waitu Bibi, moto huu unakula kuni bure. Sufuria inapata chini ya moja ya tano ya joto. Lililobaki lote linapotea."

"Linapotea linakwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono: huku, kule, chumba kizima.

"Na mimi nimekaa wapi?"

Nilifundisha sayansi miaka thelathini, na sikumbuki kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuninyamazisha hivyo. Hesabu yangu haikuwa na kosa kwa upande wa sufuria. Mtu ndiye hakuwemo kwenye hesabu. Tulimwondolea moshi, tukambebea na joto lake, tukalipeleka kwenye kibanda cha nje ambako jiko lilimfaa kuku.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu moshi. Serikali inataja vifo vya Watanzania takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia, na mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi. Ni lengo jema, nami nina mtungi wa gesi jikoni kwangu. Lakini jina la mkakati linasema "kupikia". Nyumbani kwetu moto una kazi nyingine: unakausha nguo za shule, unawaangazia watoto wanapokula, unawaleta watu mahali pamoja. Tunasema kupika kwa moto, na tunasema kuota moto, na kitenzi hicho cha pili hakina safu kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza.

Wazee wetu walikijua. Msonge wa Kihaya, mushonge, ulikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, moto ndani, mifugo ndani, na joto la wote wawili likibanwa na paa nene. Kisha zikaja nyumba za pembe nne na mabati. Bati ni heshima na halivuji, sitamwambia mtu arudi kwenye nyasi nisikolala mimi. Ila saa saba mchana bati ni tanuri, na saa tisa usiku ni kama hamna kitu juu yako. Halafu tetemeko la Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, likapasua kuta nyingi za mkoa huu. Wenye watoto mjini walijenga upya. Ufa wa Bibi ulizibwa kwa magazeti.

Jambo lililonisumbua zaidi liko karibu sana na nyumbani. Kanazi tunajivunia jumba la mfalme wetu, Mukama Kahigi, wa enzi za Wajerumani, lakini ukiteremka kidogo tu kwenda Kemondo kuna historia iliyo kongwe kuliko majumba yote. Huko Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifukua matanuri ya kuyeyushia chuma ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika kwamba wahunzi wale waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri. Hewa iliyosukumwa na mivukuto ilipita kwenye joto ambalo lingetoka bure, ikafika kwenye makaa ikiwa tayari ya moto. Wataalamu wengine wamewabishia, wakisema hewa haikupata joto kiasi hicho. Wabishane. Mimi nilikuwa nikisomesha habari hizo kwa majivuno, na sikuwahi kujiuliza swali la wahunzi: joto linalotoka, linampitia nani njiani?

Tukarudi kwa Bibi, safari hii bila kamera. Tulikaa tu, tukamwuliza siku yake inavyokwenda tangu asubuhi. Jiko jipya tulilijenga ndani, limeegemea ukuta wa chumba anacholala, bomba limetokea nje. Udongo mwingi namna ile ukishika moto jioni haupoi upesi, na ukuta hubaki na uvuguvugu hadi usiku mkubwa. Ufa tukauziba kwa udongo badala ya habari za michezo. Maji ya moto yanayobaki kwenye sufuria Bibi huyatia kwenye dumu dogo, akalifunga kwa kitenge, akaliweka miguuni. (Tulianza na chupa ya bia. Ilipasuka. Msijaribu.) Na tulikazia jambo moja mpaka akachoka kutusikia: jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hewa yake inaua bila harufu.

Nilidhani tumemaliza. Akaniuliza, "Sasa nani atakuja kuota?"

Swali hilo nalielewa zaidi nikikumbuka Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini kilichochunguzwa sana na wachumi mwaka 2000. Kilikuwa na kaya 119, na kila moja iliulizwa inamtegemea nani siku ya shida. Vyama vya kuzikana vilikuwepo, undugu ulikuwepo, ujirani ulikuwepo. Hata hivyo, mchumi Joachim De Weerdt alikuta kwamba maskini ndio wenye mtandao mwembamba zaidi wa kusaidiana. Tunapenda kusema kwamba Mwafrika hawezi kukosa watu. Mwenye kibanja kikubwa hakosi. Bibi asiye na cha kumpa mgeni huanza kupungukiwa wageni kabla hajapungukiwa kuni, na mafiga katikati ya chumba yalikuwa yakiita watu hata kama hakuna kitoke kilichoiva.

Binamu yangu aliyeko Uingereza aliniambia kwamba majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, bei ya nishati ilipopanda, maktaba na makanisa yalifungua kumbi ili wasiomudu kuwasha vipasha joto waje wakae. Aliona aibu kunieleza, kana kwamba anafichua siri ya ukoo. Mimi nilimwonea wivu kidogo: kule angalau kuna aliyekiri kwamba kukaa mahali penye joto ni hitaji la mtu mzima.

Basi tumegawana siku. Jioni moja kwa wiki kila mmoja wetu huenda kwa mzee wake na vijiti viwili vitatu vya mkaratusi, tukaota, tukasemana, tukaagana. Wengine wanatoroka zamu, siwezi kuficha, hasa msimu wa senene. Katibu ameongeza safu kwenye daftari, baada ya jina, aina ya jiko na mizigo ya kuni kwa wiki. Ameiandika "kuota", bila maelezo, na mfadhili mmoja aliyelipitia daftari alidhani tunarekodi ndoto.

Mafiga ya zamani Bibi alikataa yatupwe. Ameyapanga mbele ya mdomo wa jiko, na sasa ni viti. Mawili huwa na watoto wa jirani wanaokuja na madaftari yao. La tatu, lililo karibu na ukuta, huachwa wazi siku ya Alhamisi, maana ndiyo zamu yangu.