Mtoto Aliyeitwa Yatima na Baba Yake Yu Hai



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, leo tunapenda tuzungumze juu ya picha tunazoziweka mitandaoni. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani si vyema mwalimu aliyetumbukia shimoni akanyamaza, kisha akawaacha wengine wapite njia ile ile.

Mwaka 2019, hapa Kitswamba, watoto wa madrasa yetu walihitimu Juzuu Amma. Ilikuwa siku ya furaha. Wasichana walivaa hijabu nyeupe, wavulana kanzu, na kina mama wakapika pilau. Tuliwapanga mbele ya kibao cha madrasa, tukawapiga picha kwa simu, na jioni ile ile tukaiweka Facebook ili kuwashukuru waliotuletea misahafu. Hatukumwomba mzazi hata mmoja ruhusa. Wala halikutupitia akilini jambo hilo.

Mei 2020 mito ya Nyamwamba na Mubuku ilifurika, na watu wengi wa Kasese wakapoteza makazi. Madrasa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Wiki chache baadaye kijana mmoja aliyesoma kwetu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Muscat, alitutumia picha kwa WhatsApp na kuuliza: "Maalim, hawa si watoto wetu?"

Walikuwa wao. Lakini kibao chetu kilikuwa kimefutwa, na mahali pake pakaandikwa jina la kituo cha mayatima tusichokijua. Ukuta uliokuwa nyuma ya watoto uliondolewa, yakawekwa maji ya matope na nyumba iliyobomoka. Chini palikuwa na namba ya simu ya kutumia sadaka. Kijana yule alikuwa karibu kutuma pesa zake, ila alimtambua binti mmoja aliyesimama katikati.

Picha haikukaa Muscat. Ilizunguka, ikafika hata kwa baba wa binti yule. Akaja nyumbani kwetu kwa miguu, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Maalim, mwanangu anaitwa yatima. Mmenizika lini?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba radhi, tukaifuta picha katika ukurasa wetu, na tukaripoti ule ukurasa wa matapeli mpaka ukaondolewa. Baada ya miezi kadhaa picha ile ile ilionekana tena pahala pengine. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba picha ikishatoka mkononi, kuirudisha yote ni kama kukusanya maji yaliyomwagika.

Ndugu zetu, sisi walimu huwafundisha watoto kwamba amana ni fedha, ni siri, ni mali ya mayatima. Siku ile tulijifunza kwamba sura ya mtoto nayo ni amana. Mzazi alitupa mtoto tumsomeshe. Hakutupa uso wake tuutangaze.

Programu ya Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, kuibadili picha kulihitaji kompyuta na fundi aliyejifunza kazi. Leo kijana mwenye simu anaweza kuuhamisha uso wa mtu kwenye mwili wa mwingine kwa dakika chache, na programu za akili bandia hata zinaunda picha ya jambo ambalo halikutokea kabisa. Binti anaweza kuvuliwa stara yake na mtu asiyewahi kukutana naye. Nasi wa Kasese tuna hofu nyingine. Baada ya wanafunzi kuuawa Mpondwe, karibu na Bwera, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, fikirini ingekuwaje kijana wetu mwenye kanzu akabandikwa bunduki mkononi na picha ikasambazwa. Nani angengoja kumsikiliza?

Tufanye nini basi? Haya ndiyo tunayoyafuata sasa.

Kwanza, tunaomba ruhusa. Tuna daftari, na mzazi huandika ndiyo au hapana. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa binafsi za mtoto. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi wao. Jambo hili si mzaha.

Pili, tunatoa kidogo. Hatuweki jina la mtoto, wala kibao, wala sare inayomtambulisha. Picha tunayoweka tunaipunguza ukubwa, ili mwizi akiikuza ichakae. Maandishi ya jina la madrasa tunayapitisha katikati ya picha, kwani yakiwa pembeni hukatwa kwa mkasi mmoja. Hata hivyo tusijidanganye, maandishi hayo humchelewesha mwizi tu, hayamzuii.

Tatu, tunahifadhi picha ya asili yenye tarehe yake. Hiyo ndiyo tuliyomwonyesha yule baba, na wengine waliouliza, wakaona ukuta wetu na kibao chetu. Lakini jueni kwamba picha ya asili huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na ukiituma WhatsApp kama faili badala ya picha ya kawaida, habari hiyo huenda nayo. Zimeni kitambulisho cha mahali katika kamera za simu zenu.

Nne, katika WhatsApp, wekeni picha ya wasifu na "status" zionekane na mnaowajua tu. Kisha kumbukeni kwamba hata unayemjua anaweza kuinakili kioo cha simu yake.

Likishatokea la kutokea, hifadhini ushahidi: namba, tarehe, na nakala ya ukurasa. Ripotini katika mtandao husika na polisi. Msiisambaze picha kwa kisingizio cha kuwatahadharisha watu. Ikiwa ni picha ya uchi, ya kweli au ya kutengenezwa, aliyetimiza miaka 18 anaweza kutumia huduma ya StopNCII, na aliye chini ya hapo Take It Down. Huduma hizi hutengeneza alama ya utambulisho wa picha ndani ya simu yako, mitandao iliyojiunga nazo ikaitumia kuizuia, bila ya picha yenyewe kutumwa kwao.

Na enyi wazazi, binti akija analia na picha kama hiyo, msianze na fimbo. Suratun-Nuur ilishuka kumtakasa Mama wa Waumini Bi Aisha (r.a.) kutokana na uzushi, na ndani yake mwenye kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi alitakiwa alete mashahidi wanne. Suratul-Hujuraat nayo imetuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Picha ya siku hizi si shahidi wa kutosha. Muulizeni mtoto wenu kwanza, na mwanzeni kwa kumwamini.

Katika khitma iliyofuata tulimwendea yule baba na daftari. Alilisoma, akafikiri, kisha akaandika kwamba uso usionekane. Basi tukapiga picha ya mikono ya watoto juu ya misahafu. Binti yake alitabasamu alipotuonyesha mkono wake ni upi, nasi hatutawaambia.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipoteleza, atuhifadhie watoto wetu na heshima zao. Amin.