Mnara na Jua

Majirani zangu wa hapa Buhongwa walinijia jioni moja wakitaka niwaandikie barua ya kupinga mnara wa simu uliokuwa ukisimamishwa karibu na nyumba zetu. Mwalimu mstaafu, kwao, ni karani wa bure. Niliwauliza wanaogopa nini. Mzee mmoja akajibu, "Mionzi, Mwalimu. Itatumaliza."

Sikuwacheka. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, ingawa ushahidi wake ulikuwa haba. Basi barua niliiandika, ila ya kuiomba Tume ya Nguvu za Atomiki ije kupima. Nikawaeleza pia kwamba mawimbi hayo hayana nguvu ya kung'oa elektroni mwilini kama eksirei. Yakizidi mno huleta joto, nayo hufifia upesi kadiri mtu anavyokaa mbali.

Lakini, ndugu msomaji, taasisi hiyohiyo ililiweka jua katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa, tangu mwaka 1992. Na jua letu si la mchezo: Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mionzi yake ya urujuanimno huharibu chembe za ngozi, na asiye na rangi ya kumkinga huumia kwanza.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino, hodari wa hesabu. Alipomaliza shule akawa fundi baiskeli kando ya barabara ya Shinyanga, kutwa juani. Kidonda kilimtoka nyuma ya sikio, akakipaka dawa hii na ile mwaka mzima. Alipofikishwa hospitali kilikuwa kimeshuka shingoni. Tulimzika akiwa na miaka 31. Hakuna aliyeitisha mkutano juu ya jua.

Jirani yangu wa pili ana binti wa darasa la tatu mwenye ualbino. Kofia pana anayo, na mikono mirefu. Nimemwomba mama yake kila Jumamosi amkague masikio, midomo na shingo mchana kweupe, na akiona kidonda kinakawia kupona asingoje: daladala za kwenda mjini zinapita hapa mlangoni, na Bugando kuna madaktari.