Mshahara wa Chama tunaujua, wa mpwa wangu je?

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kukaa kijiweni Kahe mwezi wa saba, bado hujaona watu wanavyotumia pesa wasizokuwa nazo.

Sitanii. Kahe ni kwetu, huku chini tambarare, kilometa kama 20 kutoka Moshi mjini. Wenzetu wa Marangu na Machame wana baridi na migomba. Sisi tuna jua, vumbi, mifereji ya kumwagilia mahindi na vitunguu, na ile reli ya Tanga ambayo hapa kwetu ndipo ilipogawanyika, moja ikaenda Moshi na Arusha, nyingine ikachepuka kwenda Taveta na Voi huko Kenya. Mlima tunauona vizuri asubuhi, kabla mawingu hayajauvisha kanga.

Kijiwe chetu kipo chini ya mwarobaini, mbele ya duka la mangi. Wanachama wa kudumu ni fundi baiskeli, ambaye ni Yanga wa kutupwa. Babu, mkulima wa vitunguu ambaye ni Simba tangu enzi ikiitwa Sunderland, kabla ya 1971. Kijana mmoja mpagazi wa mlimani, 'mgumu' kama wanavyoitwana wenyewe. Na mimi, ninayeshuka kila Jumamosi kuangalia shamba la mama. Mangi mwenyewe hana timu. Timu yake ni soda zinazonunuliwa watu wakikaukwa makoo.

Na msimu huo alikuwapo mpwa wangu, mtoto wa dada. Huyo nitamfikia.

Julai 2024 kijiwe kilikuwa hakikaliki. Clatous Chama, yule Mzambia aliyetua Msimbazi 2018, akaenda Berkane ya Morocco 2021, akarudi 2022 akapokewa kama bwana harusi, alikuwa amemwaga wino Jangwani! Fundi baiskeli aliacha kuziba pancha za watu. Kila mteja akifika anaulizwa kwanza, "Umesikia?" Babu naye alijifunga shuka kama mtu aliyefiwa.

"Mikia mwaka huu mtalala njaa," fundi akaanza. "Bao tano za Novemba 2023 hazijapoa, na sasa tumewachukulia na mpishi."

"Nyamaza, kandambili wewe!" Babu akajibu. "Chama umri umekwenda. Mmenunua gari kuukuu kwa bei ya jipya. Sisi tumeleta vijana. Tumemleta Ahoua kutoka Stella ya Ivory Coast."

Hapo mwenyewe akanyamaza kidogo. Stella ndiyo ile ile iliyomliza Babu 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba ilipotoka suluhu ugenini halafu ikafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya watu wake. Babu aliisikiliza kwenye redio ya mkulima. Anasema betri ziliisha uhai siku ile ile, kwa huzuni.

Basi bwana, hesabu zikaanza. Kanuni zetu zilikuwa zinairuhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, kwa hiyo swali la mwezi wa saba huwa ni moja: nani akatwe ili nani aingie? Fundi akachukua kijiti akachora chini. Huyu beki Mkongo abaki, huyu winga atemwe, huyu mkataba wake umebakiza mwaka mmoja auzwe sasa asije akaondoka bure. Babu akafuta kwa kandambili zake (kandambili za miguuni, siyo za Jangwani) akachora kikosi chake. Mtu mmoja akasema Chama amechukua mamilioni kadhaa. Mwingine akaongeza sifuri. Dakika tano baadaye tulikuwa tunajua mshahara wake wa mwezi, posho, nyumba aliyopangiwa na gari atakalopewa. Nani alituambia? Hakuna. Lakini tulijua.

Hapo ndipo yule mgumu, aliyekuwa ameshuka mlimani juzi yake, akacheka.

"Nyie mnabishana kama Wakanada wangu," akasema.

Tukamuuliza Wakanada gani. Akasimulia. Alikuwa amebeba mizigo ya wageni kutoka Kanada kwa njia ya Machame. Walipofika kambi ya Barafu, mahali ambapo watu wazima hulia kwa kichwa kuuma, wageni wake wawili walikuwa wanagombana kwenye hema la chakula. Siyo juu ya kilele. Ni juu ya usajili wa hoki ya barafu!

"Hoki ya barafu kwenye kambi ya Barafu?" mangi akauliza, akadhani ni utani.

Siyo utani. Kwa wenzetu wa Marekani na Kanada soko la wachezaji walio huru hufunguliwa Julai mosi, na mwaka huo kulikuwa na msiba kama wa Babu. Steven Stamkos, nahodha wa Tampa Bay aliyebeba nao kombe 2020 na 2021, alikuwa ameondoka kwenda Nashville kwa mkataba wa miaka minne, dola milioni 8 kila mwaka. Mmoja wa wale wageni analia nahodha kuachwa. Mwingine, mtu wa Toronto, ambako timu yao ya Maple Leafs haijabeba kombe hilo tangu 1967, anamwambia pesa zingetoka wapi, hesabu zilikuwa hazikubali.

"Hazikubali vipi, timu haina tajiri?" fundi akauliza.

Mgumu akatufafanulia kama alivyofafanuliwa yeye. Matajiri wapo tele. Lakini ligi yao imeweka kikomo cha mishahara ya kikosi kizima. Msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 88. Ukimjaza mmoja mfuko, wengine unawapunguzia. Utaratibu huo ulianza 2005, baada ya matajiri na wachezaji kuvutana mpaka msimu mzima wa 2004/05 ukafutwa. Kwa hiyo shabiki wa kule siyo lazima ajue mpira tu, lazima ajue kutoa na kujumlisha.

Kijiwe kikapata mjadala mpya. Fundi akasema huo ni wivu, mwenye nacho aachwe atumie. Babu akasema kikomo kije hata kesho, maana sisi kikomo chetu kinahesabu vichwa vya wageni tu, pesa hakizihesabu. Ligi ina timu 16, lakini mwezi wa saba ukifika wanaozungumzwa ni wawili, na wa tatu Azam. Timu ndogo ikimlea mtoto mpaka akaota meno, wakubwa wanakuja kumchukua. Na mkataba ule wa televisheni wa 2021, zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10, Babu anaujua kwa kichwa kama anavyojua bei ya gunia la vitunguu.

Halafu mgumu akaongeza kitu ambacho sisi tulikuwa tunakaribia kukipita. "Lakini wana na kikomo cha chini. Timu ilikuwa hairuhusiwi kushuka chini ya dola milioni 65. Na mchezaji wa mwisho kabisa, yule wa kukaa benchi, alikuwa hapokei chini ya dola 775,000 kwa mwaka."

Watu wakapiga miluzi. Fundi akaanza kuzigeuza ziwe shilingi, vidole vikamwishia.

Babu peke yake hakupiga mluzi. Aligeuka akamtazama mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kreti la soda, kimya tangu asubuhi.

"Na wewe mwanangu," Babu akasema polepole, "huko ulikokuwa, walikulipa?"

Mpenzi msomaji, mwarobaini wote ukanyamaza.

Sasa nikueleze. Mpwa wangu ni winga. Amekulia kwenye uwanja wa vumbi, wenye magoli ya miti. Ana mguu wa kushoto ambao, sisemi kwa kuwa ni damu yangu, ukimpa nafasi ya kusimamisha mpira umekwisha. Mwaka 2023 alichezea mashindano fulani pale Moshi mjini, akaonwa na watu wa timu moja ya daraja la chini kutoka mkoa mwingine. Siitaji. Wakaja na gari, wakaongea vizuri, wakatoa karatasi. Dau la usajili milioni mbili, mshahara laki mbili na nusu kwa mwezi, chakula na malazi juu yao.

Alinipigia simu. "Mjomba, wanataka nisaini sasa hivi. Nisubiri uje?"

Unajua nilimjibu nini? Nilikuwa mjini, kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, nabishana na washikaji kuhusu Fiston Mayele kuiacha Yanga na kwenda Pyramids ya Misri. Nilikuwa naeleza watu kwa nini Yanga isingeweza kumbakiza. Nilikuwa mtaalamu siku hiyo. Nikamwambia, "Saini tu, nafasi haiji mara mbili."

Akasaini juu ya boneti ya gari. Nakala hawakumwachia. Walisema wataituma.

Katika ile milioni mbili alipewa laki nne. Mshahara ulitoka mwezi wa kwanza, kisha ikawa kesho, keshokutwa, mfadhili amesafiri. Walikuwa wanalala vijana sita chumba kimoja. Miezi mitano akavumilia, halafu akaumia kifundo, na mtu asiyekimbia hana anayemuulizia. Alirudi na treni akashuka Moshi, viatu vya mpira vimening'inia begani. Mama yake alimpokea. Sisi wa kijiweni tulimpokea kwa swali moja: "Eti, kule watu wanasemaje, Simba itamsajili nani?"

Miezi yote ile tangu arudi, hakuna aliyemuuliza kuhusu usajili wake yeye. Hata mimi. Mimi nilikuwa naogopa jibu.

"Walinilipa kidogo, Babu," akajibu. Akainamisha kichwa, akaanza kukwangua kreti kwa kucha.

Jumatatu yake nilikwenda kumwona mwanasheria mmoja mjini. Akanieleza kwamba tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema mchezaji akikosa mishahara miwili ya mwezi, akaidai kwa maandishi na kutoa siku 15, bado asilipwe, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Nikafurahi. Nikaona tayari mshiko unarudi.

"Mkataba uko wapi?" mwanasheria akauliza.

Nikabaki namtazama.

Ndugu zangu, mimi bado nampenda Mnyama, na sitaacha kubishana mwezi wa saba. Ubishi ule ni starehe yetu, hauna kiingilio. Na sitamcheka mtu anayejua mkataba wa Aziz Ki unaisha lini. Ila siku ile niliona aibu moja kubwa. Sisi ni watu wa kusimamia hesabu za matajiri tusiowajua, wakati mtoto wa nyumbani anasaini juu ya boneti peke yake. Tunataka kikomo cha juu ili Yanga isitushinde, au tunakikataa ili Yanga itushindie. Kikomo cha chini, kile cha kumfanya winga wa daraja la chini apate ugali wake na nauli, hakuna anayekibishania, kwa sababu huyo hana jezi inayouzwa.

Labda siku moja wakubwa wa mpira wetu wataweka yote mawili, dari na sakafu. Nyumba isiyo na dari watu wanaishi. Isiyo na sakafu, unalala kwenye matope.

Mwaka 2025 kifundo kilikuwa kimepona. Ikaja timu nyingine, ndogo tu, ya hapa hapa mkoani. Safari hii walikuta kijiwe kimekaa. Mpwa wangu akawaambia, "Subirini mjomba aje." Nilishuka na Hiace ya kwanza. Karatasi ikasomwa kwa sauti chini ya mwarobaini, kipengele kwa kipengele. Fundi baiskeli, ambaye kwa miaka yote amekuwa mhasibu wa Yanga bila kulipwa, ndiye aliyegundua kwamba tarehe ya kulipa mshahara haikuandikwa. Ikaandikwa. Babu akauliza, "Akiumia nani anamtibu?" Wale jamaa wakatazamana. Ikaandikwa pia.

Mshahara wenyewe siutaji, ni mdogo. Lakini unatoka. Nakala ya mkataba ipo nyumbani kwa dada, ndani ya sanduku la bati, pamoja na hati ya shamba na vyeti vya ubatizo.

Na Ahoua? Msimu wa 2024/25 alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, Babu akatembea kifua mbele kama amezaa. Ubingwa ukaenda Yanga, fundi naye akapita kila nyumba kusalimia watu asiowadai. Mambo ni yale yale. Lakini Jumamosi hizi, kabla hatujafika Msimbazi na Jangwani, Babu huanza na swali lake jipya, na hakuna anayeruhusiwa kusema neno mpaka lijibiwe:

"Mwanangu, mwezi huu wameshakulipa?"