Baraza la Mawe Juu ya Ziwa Mendota

Ukifika Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, usiondoke kabla ya kupanda Observatory Hill. Kilima hiki kimo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Wisconsin. Chini yake, upande wa kaskazini, Ziwa Mendota limetanda, na juu lipo jengo kongwe la kutazamia nyota. Hii ni nchi ya asili ya Waho-Chunk, na matuta ya udongo yaliyofinyangwa na wahenga yapata miaka elfu moja iliyopita bado yanaonekana hapo. Moja lina umbo la ndege.

Katika mazingira hayo ndipo chuo kilipomkumbuka Robert E. Gard, mwalimu wake wa tamthilia na uandishi, kwa duara la mawe lililowekwa kwa ajili ya wasimulizi wa hadithi. Sanamu humtaka mgeni asimame, atazame, apige picha, aende zake. Duara humtaka aketi. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja atalitambua upesi: hili ni baraza. Wanaoketi hutazamana uso kwa uso, na kila aliyepo ana zamu yake ya kusema.

Gard alizaliwa Kansas mwaka 1910 na kuhamia Wisconsin mwaka 1945. Alikuta chuo chenye imani kwamba kazi yake inafika hadi mipaka ya jimbo zima. Tayari mwaka 1936 kilikuwa kimemwajiri mchoraji John Steuart Curry, mzaliwa mwenzake wa Kansas, tena katika kitivo cha kilimo, na wakulima wakahimizwa kushika brashi. Gard akafanya vivyo hivyo kwa tamthilia na maandishi. Alizunguka vijijini akikusanya visa vya wenyeji, na mwaka 1948 akasaidia kuunda chama cha waandishi wa mashambani. Mwaka 1966, kwa ruzuku ya mfuko wa taifa wa sanaa, yeye na wenzake walianza kazi ya miaka mitatu katika miji midogo mitano, ikiwemo Spring Green na Rhinelander. Alishikilia kwamba kipaji kimo katika kila kitongoji; kinachokosekana ni wa kukiamsha na wa kukisikiliza.

Chuo hichohicho kilimlea pia Harold Scheub, aliyetembea kwa miguu kusini mwa Afrika akikusanya ngano, kisha akawafundisha wanafunzi wa Madison sanaa ya fanani wa Kiafrika kwa zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo Mwafrika anayeketi kwenye mawe haya si mgeni kabisa.

Nasi tunao watu wa kazi kama ya Gard. Mapema miaka ya 1980, Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakabuni michezo ya kuigiza pamoja na wanakijiji kutokana na matatizo ya kijiji chenyewe. Walimu wa namna hiyo wanastahili ukumbusho wa namna hii: mahali pa wazi, pasipo kiingilio wala jukwaa la kumtenga msemaji na msikilizaji. Gharama yake ni ndogo. Chuo chetu chochote chenye kivuli cha mwembe na mawe ya kutosha kinaweza kuanza mwaka huu.