MKANDA WA STAA HAUKUNIPONYA MGONGO, KILICHONISAIDIA NI HIKI

Leo umbea naweka pembeni, stori inanihusu mimi mwenyewe.

Mnamjua yule msanii wa kike, jina kapuni, anayeposti mikanda ya kiuno kila siku Instagram? Basi mimi nimeshamchangia elfu sitini. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Kipili, nikaanza kuumwa chini ya mgongo, karibu na kalio la kulia. Kugeuka kitandani shughuli, kuinuka mpaka nishike ukuta. Siku moja mwanangu analia mkekani, nikashindwa kumnyanyua. Nikakaa chini nikalia naye.

Mkanda ukaja mpaka Namanyere, nikaufuata kwa bodaboda. Barabara ile na mgongo ule, dah! Nikauvaa wiki tatu huku nalala kutwa, maana kila mtu aliniambia "pumzika". Maumivu yakazidi. Mama akaanza kutafuta mteja wa nyavu zake ili nikafanyiwe operesheni. Nyavu hizo ndizo zinatulisha.

Nikamwambia mama, subiri nikaulize Sumbawanga kwanza. Dada wa fiziotherapia akanibonyeza, akanikunja miguu, akasema: "Mdogo wangu, hapa hakuna kisu. Hiki ni kiungo kinachoshika uti wa mgongo na nyonga. Ujauzito hulegeza kano zake, halafu wewe umelala tu, misuli nayo imelegea."

Dawa yake? Kutembea kila siku, kuanzia kidogo. Kulala chali, magoti nimekunja, nainua kiuno taratibu mara kumi, asubuhi na jioni. Kukanda kwa maji ya moto. Vidonge vya maumivu siku chache tu, tena baada ya kuwaambia nanyonyesha. Akasema wapo wanaofikia kuchomwa sindano ya kiungo kwa daktari bingwa, ila mazoezi ndiyo ya kuanzia.

Nilivyorudi nikaingia gugo. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo: mazoezi, elimu na masaji, ndiyo. Mikanda ya kiuno, hapana! Na mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa mgongo. Soko la mastaa hilo, wadau.

Sikupona kwa wiki moja, nisiwadanganye. Ilichukua miezi mitatu, na kuna siku nilikata tamaa kabisa. Ila juzi nimembeba mwanangu mgongoni mpaka mwaloni kununua migebuka. Nyavu za mama bado zipo ziwani.

Angalizo: ukiona miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo au choo kinatoka bila kujua, una homa, au umeanguka vibaya, usisubiri mazoezi. Wahi hospitali siku hiyohiyo.

Haya, nani mwingine kapigwa na mkanda wa staa? Tiririka kwenye komenti, bila kutaja majina!