Maoni ya Wanafunzi juu ya Somo la Wajibu wa Raia

Hukumu ya mwanafunzi juu ya mwalimu wake ni jambo la zamani kuliko vyuo vikuu. Ilinong'onwa katika vibaraza vya madrasa na chini ya miembe ya shule za misheni, kabla haijapata karatasi ya kuandikiwa. Siku hizi karatasi imepata, na mahali pengine imepata hata kompyuta. Kila muhula unapokaribia ukingoni mwanafunzi huulizwa kama mwalimu alifika kwa wakati, kama alieleweka, kama vitabu vilipatikana na kama somo lilimfaa. Naye hujibu kwa kuchagua tarakimu. Chini kabisa huachiwa nafasi ya mistari miwili mitatu aseme alitakalo, na katika nafasi hiyo finyu ndimo yalimo maneno yanayostahili kusomwa.

Katika masomo mengi nafasi hiyo hubaki tupu. Somo ambalo halikosi kuandikiwa ni lile linalofundisha wajibu wa mtu kwa nchi yake na kwa wenziwe, liitwe uraia, liitwe maendeleo, au lipewe jina jingine lolote. Sababu yake haifichiki. Mwanafunzi hana ugomvi na jumla ya hesabu wala na uzito wa madini ya risasi. Bali afundishwapo namna ya kuwa raia huona kwamba ameguswa yeye mwenyewe, maana raia alikuwa tangu kabla hajavuka lango la chuo. Alihudhuria mkutano wa kijiji pamoja na mjomba wake, aliona mchango wa madarasa ukikusanywa na madarasa yasijengwe, na alipanga foleni alfajiri akisubiri karatasi yenye mhuri. Kumfundisha mtu wa namna hiyo ni kama kumfundisha mvuvi habari za maji: yawezekana, lakini yataka adabu.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina historia yenye makovu pale Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, barabara ya Lumumba, kikahamia juu ya kilima mwaka 1964. Miaka miwili baada ya kuhama, wanafunzi wake walitoa maoni ambayo hakuna aliyewaomba. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila ahitimuye elimu ya juu atumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Sehemu ya muda huo aikae kambini, na sehemu kubwa iliyobaki afanye kazi yake ya kawaida kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wamevaa majoho ya chuo, wakafika mbele ya Rais Julius Nyerere, wakamsomea madai yao. Walisema kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zao zitabaki nje. Lilikuwako na bango lililodai kwamba heri ukoloni.

Rais alitoa majibu mawili siku ile ile, na tofauti ya majibu hayo ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata. La kwanza, aliwaambia kwamba wana haki ya kuuliza juu ya mishahara mikubwa katika nchi maskini, na kwamba wa kwake yeye ni mmojawapo. Akaupunguza hapo hapo kwa asilimia 20. La pili, aliwafukuza chuoni. Karibu wanafunzi mia nne walirudishwa makwao chini ya ulinzi, hata Mlimani pakawa kimya. Jibu la kwanza lilikuwa fundisho, na pengine hapana mhadhara wa uraia uliopata kufikia ubora wake: mtu mwenye mamlaka alisikia hoja, akaitenga chembe ya kweli iliyokuwamo ndani ya makapi, akaikubali kwa gharama yake mwenyewe. Jibu la pili lilikuwa adhabu. Adhabu ndiyo iliyokumbukwa zaidi chuoni, kama ilivyo desturi ya adhabu.

Ni lazima kusema pia kwamba maoni ya wanafunzi wale hayakuwa ya kusifiwa. Walikuwa wachache mno, walisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na kahawa, nao waligombea mshahara ambao wakulima hao hawakupata kuuota. Si kila sauti inayokandamizwa huwa sauti ya haki. Msomaji wa leo anayewafanya mashujaa kwa sababu tu walifukuzwa anajipunguzia kazi ya kufikiri.

Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huo huo wa Machi walimu na viongozi walikutana chuoni kuzungumza juu ya kazi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Katika mazungumzo hayo lilikua wazo la somo la wote, yaani somo ambalo mwanafunzi hataliepuka awe anasoma sheria, sayansi au fasihi, na ambalo lingemfungua macho aione jamii inayomlipia. Somo hilo lilibadilika jina na sura mara kadhaa. Mwaka 1973 likaundiwa taasisi yake, na mpaka leo Mlimani linajulikana kwa herufi mbili tu, DS. Kwa hiyo lilizaliwa, kwa sehemu isiyo ndogo, na maoni ya wanafunzi, walakini si kwa namna ambayo mtoto huzaliwa akitakwa. Lilizaliwa kwa kuwa maoni yao yalichukiza. Somo lenye asili hiyo lina deni ambalo masomo mengine hayana.

Kutoka mwanzo halikumridhisha mtu. Waliokuwa upande wa kulia waliliona kuwa ni mahubiri ya chama yaliyovikwa joho. Waliokuwa upande wa kushoto walilalamika kwamba ujamaa hauwezi kufundishwa na mwalimu asiyeuamini, na kwamba kuwapanga wahadhiri kumi wenye fikira kumi zinazopingana si kumfunza mwanafunzi bali kumtia kizunguzungu. Hawa wa kushoto hawakuishia kwenye kulalamika. Mwaka 1967 waliunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walianzisha darasa lao siku za Jumapili. Darasa hilo halikuwa na alama wala mtihani, wala karatasi ya mahudhurio. Walisoma, wakabishana, wakamwalika Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha chuoni, naye akakaa pamoja nao. Novemba 1969 wakatoa gazeti lao, Cheche, ambalo humo katika mwaka wa 1970 Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka yasiyo na kelele. Novemba 1970 chama na gazeti vyote vikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba umoja wa vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina la gazeti limeazimwa kwa wageni.

Ni shani kubwa. Pale pale Mlimani, katika miaka ile ile, palikuwa na somo la lazima ambalo wanafunzi walililaumu, na darasa la hiari lililofundisha karibu mambo yale yale ambalo waliliendea siku ya mapumziko. Serikali iliyalinda yaliyolaumiwa ikayafunga yaliyopendwa. Mwaka 1971 Simon Akivaga, rais wa serikali ya wanafunzi, alipoandika barua ya wazi kuulaumu uongozi wa chuo, aliondolewa na kurudishwa kwao Kenya. Katika miaka mitano hivi maoni ya wanafunzi yalikwisha pata majibu matatu, na majibu yote matatu yalikuwa mlango.

Pamoja na hayo haifai kulitukuza darasa la Jumapili kupita kiasi. Lilikuwa la wachache waliokwisha kuwaka kabla hawajaingia. Somo la lazima linawapokea wote, hata yule aliyekuja chuoni kutafuta cheti tu, na huyo ndiye hasa ambaye nchi itamkabidhi hospitali na daraja. Daktari hajisifu kwa kuwaponya wazima. Mwenye kusema kwamba somo hili lifanywe la hiari ili lipendwe, anataka lipendwe na wasiolihitaji.

Je, wanafunzi wa siku hizi husemaje? Malalamiko yao ni ya kawaida mno kwa sikio la mwanamapinduzi, lakini yana uzito wake. Husema kwamba darasa ni kubwa kupita uwezo wa mwalimu yeyote. Anayekaa nyuma ya ukumbi husikia nusu na kubahatisha nusu, na hakumbuki kupata kuulizwa jina lake. Wanafunzi wa uhandisi na wa sayansi huandika kwamba saa zao zinaliwa. Wengi zaidi husema kwamba mtihani hupima kumbukumbu. Hapa yataka kulieleza neno moja ambalo halimo katika kamusi nyingi: madesa, ndivyo waitavyo maandiko yanayonakiliwa na kurithishwa toka kundi hata kundi. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani wa wajibu wa raia kwa madesa ya watangulizi wake, bila kufikiri hata mara moja juu ya wajibu wala juu ya raia. Mtu akiiba majibu katika somo la uaminifu, na mtihani wenyewe ukamwekea njia, ni vigumu kusema nani amefeli.

Liko lalamiko jingine ambalo huandikwa na wachache, tena kwa haya, kana kwamba ni kosa la mlalamikaji. Somo hili hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyezaliwa Nachingwea au Sumbawanga, ambaye mikutano yote ya kijiji aliyohudhuria, kampeni zote alizosikia na kesi zote za baraza la kata alizoshuhudia zilikuwa za Kiswahili, huletwa mbele ya lugha nyingine aelezwe maana ya mkutano, kampeni na baraza. Hueleza kwa shida alichokijua kwa wepesi. Mkulima ambaye ni baba yake hugeuka katika karatasi ya mtihani kuwa jina la kundi la watu, halina jembe wala kikohozi. Sera ya lugha ya vyuo vikuu si kazi ya mwalimu mmoja kuibadili, lakini hata sera hiyo haimzuii kutumia lugha ya nchi katika majadiliano ya vikundi vidogo, mahali ambapo vikundi hivyo vipo. Lalamiko hili ndilo lenye hoja nzito kuliko yote, na ndilo linalosomwa kwa haraka kuliko yote.

Wako walimu wanaozidharau fomu hizi, nao wana sababu. Mwanafunzi aliyepata alama duni hulipiza kisasi katika nafasi aliyoachiwa. Mwalimu mchekeshaji hupata tarakimu za juu, na mwalimu mkali hukumbukwa kwa wema miaka kumi baadaye, wakati hakuna fomu. Wengine hujaza bila kusoma swali, kwa kuwa wameambiwa kwamba wasipojaza hawataona matokeo yao. Haya yote ni kweli. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwalimu hajapata kukaa nyuma ya ukumbi wake mwenyewe.

Tena suala la mwalimu huyu si sawa na la wenziwe. Mwalimu wa kemia akizitupa fomu hizo jaani, amewakosea wanafunzi, lakini kemia yenyewe haikuharibika. Asidi itabaki asidi. Mwalimu wa wajibu wa raia akifanya hivyo amelitengua kwa mkono somo alilolifundisha kwa ulimi. Muhula mzima alisema kwamba mtawaliwa ana haki ya kuuliza na mtawala ana wajibu wa kujibu. Ndani ya ukumbi ule mtawala ni yeye. Wanafunzi hawahitaji akili nyingi kuona kama anaamini aliyoyasema, na wakiona haamini, ndilo fundisho watakaloondoka nalo, bila madesa.

Kujibu si kutii. Wanafunzi wa 1966 wangejibiwa vema kwa kukataliwa dai lao na kuachwa chuoni waendelee kubishana. Vivyo hivyo mhandisi anayetaka aondolewe katika somo hili anastahili kukataliwa, na kuelezwa kwa nini, tena kwa mfano wa daraja na si kwa nukuu ya hotuba. Kinachowavunja moyo wanafunzi si kukataliwa. Ni kutojua kama karatasi ilisomwa. Aliyeandika maoni katika mwaka wa kwanza huhitimu bila kupata habari yake, kama mtu aliyetia barua baharini.

Dawa yake haihitaji kamati wala fedha. Siku ya kwanza ya mwaka mpya mwalimu huyo angeweza kusimama mbele ya wageni wake na kuwasomea maneno ya waliowatangulia, makali pamoja na matamu, akasema lipi amelibadili, lipi amelikataa na kwa hoja gani, na lipi limemshinda kwa kuwa liko juu ya uwezo wake. Wangelisikia kabla hawajanakili madesa ya mtu. Dakika 20 zingetosha, na mhadhara wa siku ile aghalabu hauna kazi nyingine ila kugawa ratiba.