Nilikwenda Jambiani kula pilau, nikarudi na somo la ngozi

Mpenzi msomaji, safari hii sikupeleki disko. Nakupeleka Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, nilikokwenda kwenye harusi ya binamu yangu nikaumbuka mbele ya ukoo mzima.

Kwanza nikwambie ukweli, maana mimi na wewe hatufichani. Miezi minne kabla ya safari hiyo nilikuwa najichubua. Nilinunua mkorogo kwenye kopo lisilo na jina, muuzaji akaniapia kwamba baada ya wiki mbili nitajikataa kwenye kioo. Na kweli nilijikataa! Uso Fanta, vidole Coca-Cola. Nikipita juani mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili. Nikaongeza poda, nikasema harusi ikipita nitajua la kufanya.

Ijumaa nikapanda boti ya asubuhi pale bandarini Dar. Kama saa mbili hivi tukawa tumefika Malindi, mjini Unguja. Hapo nikatafuta daladala la Jambiani, safari ya kilomita 50 na kitu. Tulipopita msitu wa Jozani abiria wenzangu walikuwa wanawatazama kima punju juu ya miti. Mimi nilikuwa nimejifunika mtandio gubigubi, jua lilikuwa upande wangu na uso unanichonyota.

Shangazi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu." Halafu akanishika kidevu, akanigeuza penye mwanga. "Umejitia nini usoni?"

Nikajibu, eti ni jua la Dar.

"Jua hilo linachagua, likaacha vidole?"

Loh! Wasichana waliokuwa wanachambua mchele walicheka mpaka nikatamani boti ya kurudi.

Kesho yake asubuhi bamvua lilikuwa limeshika, maji yamekupwa mpaka mbali kabisa. Shangazi akanichukua kwenye shamba lake la mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza huku pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mpaka leo walimaji wengi ni akina mama. Kazi yenyewe si mchezo. Unainama kwenye maji ya magotini, unafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, huku jua linakupiga kutoka juu na tena kutoka kwenye maji.

Sasa nikajiuliza, mbona shangazi, ambaye amenizidi zaidi ya miaka 30, ana ngozi laini kuliko mimi ninayekaa kivulini na kununua makopo? Nikaanza kumchunguza.

Pale baharini alivaa mikono mirefu, mtandio kichwani na kofia pana ya ukili juu yake. Jua lilipoanza kuwa kali alikuwa na haraka ya kurudi. Tulipofika nyumbani hakukaa na chumvi mwilini. Alikoga maji baridi ya kisima kwa sabuni kidogo, bila kujikwangua na dodoki kama anasugua sufuria. Kabla mwili haujakauka sawasawa, akapaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Ndiyo hayo tu! Lakini anafanya hivyo kila siku ya Mungu, tangu usichana wake.

Jioni ile bibi harusi alikuwa anasingwa. Kama hujawahi kuona, singo ni mchanganyiko wa maua na viungo vyenye harufu nzuri, kama asmini, mawaridi, mlangilangi na karafuu, unaosuguliwa mwilini taratibu mpaka ngozi iteleze. Pembeni bibi mmoja alikuwa anasaga msandali kwenye jiwe kwa marashi, anatengeneza liwa. Wasichana wakawa wanapakana usoni, wanasema inapoza. Na mimi nikasogeza uso.

Shangazi akanizuia mkono. "Wewe hapana. Ngozi yako imechubuka, na liwa ni pambo. Wewe nenda kwa daktari."

Nilikwenda nje nikalia. Lakini Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa ngozi, na kopo langu ndani ya pochi.

Daktari akanieleza kwamba mikorogo mingi huwa na krimu kali za steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba, haidrokwinoni, au hata zebaki ambayo inaweza kuharibu figo. Ile rangi niliyokuwa naifuta ndiyo mwavuli wa ngozi yangu dhidi ya jua. Akanionya pia kuwa nikiacha, uso unaweza kuwasha na kutoka vipele kwa muda, nisitishike nikarudia. Na kweli vilitoka. Siku mbili sikutoka nje. Ila nilivumilia kwa dawa aliyonipa.

Sasa shosti yangu, na wewe kaka unayejifanya hayakuhusu, haya ndiyo niliyorudi nayo.

Jua ni kali zaidi kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni, kwa hiyo tafuta kivuli, kofia, mwavuli au krimu ya kukinga jua. Ukitoka baharini au mazoezini, koga maji safi. Maji ya moto sana na sabuni kali hukausha ngozi. Paka mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Ya nazi ni mazuri mwilini, lakini kama una chunusi usiyapake usoni, yanaweza kuziba vinyweleo. Kitu kipya, hata kiwe cha asili namna gani, kijaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku kadhaa.

Na ukinunua kipodozi, soma. Vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Kopo lisilo na jina, likikubabua utamdai nani?

Uso wangu bado haujarudi wote. Kuna baka moja chini ya jicho la kushoto ambalo daktari anasema litachukua muda. Lakini mwezi uliopita nilirudi Jambiani kumtazama mtoto wa binamu yangu. Shangazi akanishika kidevu tena, akanigeuza penye mwanga, akatazama weee, kisha akasema, "Haya, ingia ndani ule."

Kwangu mimi hiyo ilitosha. Tukutane wiki ijayo, na ukitoka usisahau mtandio.